Mistari Mitatu Niliyoifuta

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kifua kimekuachia na usingizi umeanza kurudi. Mimi mwili ni mzima. Mengine utayaona humu. Sikupiga simu kwa sababu ukianza kulia nitanyamaza, na safari hii sitakiwi kunyamaza.

Unajua natunza programu ya kuwapelekea wagonjwa wa hospitali ujumbe siku zao zikibadilishwa. Hukujua kwamba hata ujumbe wa shemeji ulipitia mezani kwetu. Tuko watano, chumba kimoja juu ya duka la vioo, na mkuu wetu ni mama mmoja tunayemwita Kidogokidogo, maana neno hilo halimtoki mdomoni. Ukitumwa kurekebisha kitu, anasema, rekebisha hicho tu. Usifute usichokielewa. Kabla ya kukabidhi, soma upya kila ulichogusa. Mimi nilikuwa nikimwigiza sauti mpaka wenzangu wanashika mbavu.

Mwezi mmoja uliopita alinipa kazi ndogo: ujumbe ulikuwa unaandika "asubuhi" badala ya "jioni". Nikalibadilisha neno hilo. Lakini juu yake nikaona mistari mitatu ya maagizo ya programu, ya kuondoa nafasi katikati ya namba za simu. Nikaona ni takataka, kwa kuwa siku hizi namba zinaandikwa zikiwa zimeshikana. Nikaifuta, mkono unaniwasha tu. Nikajaribu kwa namba yangu, ujumbe ukaingia, nikaridhika.

Kidogokidogo alikuwa mlangoni anawahi kikao. Akaniuliza, "Umegusa kingine?"

Nikamjibu, "Hapana, mama. Neno moja tu."

Akaniamini, akaruhusu kazi yangu ianze kutumika.

Kumbe namba za wagonjwa wa zamani bado zilikuwa na nafasi. Watu kumi na mmoja hawakupata kitu. Wiki hiyo mashine moja ya kusafisha damu iliharibika, zamu ya Alhamisi ikavutwa hadi Jumanne. Shemeji alikwenda Alhamisi kama kawaida yake, akaambiwa zamu imepita, asubiri Jumatatu. Jumamosi tukampoteza. Wale wengine kumi walinusurika.

Siku ya mazishi ulisema mbele ya watu kwamba ni uzembe wake, hasomi ujumbe. Ukaninong'oneza kwamba Ijumaa mligombana kutwa nzima, naye akabaki anarudia, "Mke wangu, hakuna kilichoingia." Nilikuwa kando yako, nimekushikia glasi ya maji. Dada, nilikuwa najua. Asubuhi ile muuguzi alitupigia kulalamika, nikaifungua orodha ya namba zilizokwama, na ya shemeji ilikuwa ya nne. Nikairudisha mistari ile kimyakimya, nikavaa, nikaja kuzika.

Jana nimemweleza Kidogokidogo. Hakufoka. Aliisoma kazi yangu mstari kwa mstari, akaniambia nikusanye vitu vyangu, kisha akapiga simu hospitalini nikiwa nimesimama palepale. Nilimwomba jambo moja tu: wewe usiambiwe na mtu mwingine.

Sikuombi msamaha leo. Nakuomba uwaite watoto, uwaambie baba yao hakuzembea. Alisema kweli mpaka mwisho.

Wasalimie hapo nyumbani, ukiona inafaa. Kama hutaki nije arobaini yake, nitaelewa.

Ni mimi,
mdogo wako uliyemlea.