Mpwa Wangu Kanichora Dalali wa Watumwa

Mpendwa mshauri, naomba msaada, nakuandikia nikiwa nimefunga saluni yangu ya kunyoa mchana kweupe kwa aibu. Mtoto wa dada yangu ni mchoraji, akaniomba nimkalie anichore kwa ajili ya maonyesho kuhusu enzi za utumwa, nikakubali upesi, nikijua nitakuwa shujaa anayekata minyororo, nikakaa siku nne mgongo ukiniuma, na kwa kuwa kunyamaza siwezi, nikamsimulia hata lile ambalo marehemu baba aliniambia mimi peke yangu, kwamba babu yake alikuwa akiuza watu, majirani zake mwenyewe, na baba alinitajia mpaka majina yao. Jumamosi nikaenda na mke wangu na wateja sita, tukakuta picha kubwa kama mlango, mimi nimeketi natabasamu, nyuma yangu watu wamefungwa kamba shingoni, chini imeandikwa “Dalali”. Mke wangu alicheka mpaka akashika ukuta. Nikamuuliza mpwa wangu, “Mbona umenifanyia hivi?” Akanijibu, “Mjomba, sura ni ya ukoo wetu, ningemchora nani?” Simu zake sipokei tena, na dada yangu, ambaye hakujua lolote la babu huyo mpaka alipoiona picha, analia kila akiniona. Je, nidai picha iondolewe?

Kinyozi

Kinyozi, pole, ila nimecheka kwanza. Wateja sita! Ungechorwa shujaa, leo mtaa mzima ungenyolewa bure.

Kukaa ulikubali mwenyewe, siri umeitoa mwenyewe, hakuna aliyekubana. Mpwa wako ana kosa moja: hakukuonyesha picha kabla ya kuitundika. Kwa hilo akuombe radhi, na mwambie nimesema mimi. Lakini picha iache ukutani. Jambo hilo ulilibeba peke yako miaka mingi, na siku ulipopata sikio ulizungumza siku nne mfululizo. Hujioni ulivyokuwa umechoka?

Leo pokea simu. Kesho nenda kwa dada yako, umweleze yote kama baba alivyokueleza, bila kutia chumvi, naye akilia, kaa hapo hapo, usikimbilie saluni. Kisha mwende wote mkasimame mbele ya picha, na mtu akiuliza, mseme, “Huyu ni wa kwetu.”

Na yale majina ya majirani, mpe mpwa wako ayaandike. Umeniandikia barua nzima juu ya sura yako, hao waliouzwa hukunitajia hata mmoja.