Siku Hooyo Alipokataa Kubebwa Mgongoni

Jumanne jioni, Galbet. Joto la leo halisemeki. Upepo umeingiza vumbi hadi kwenye bakuli la sukari na wala sijashika ufagio. Nimekaa tu.

Leo nilikuwa niandike malalamiko. Mnaonisoma mnanijua, mwalimu mstaafu, mdomo haufungi, kila wiki nina ugomvi na mtu. Nilishapanga hadi maneno ya kuwachamba watu wa ofisi. Sasa maneno yote yamenikauka.

Wacha nieleze taratibu, maana hata mimi bado siamini.

Mama yangu, hooyo kama tunavyoita sisi Wasomali, hupata pesa za wazee, zile ambazo serikali huwapa wazee wasio na mshahara wala mifugo. Si nyingi, na huja zinapotaka zenyewe. Lakini ndizo zinazomnunulia dawa ya presha na maziwa, na ndizo anazotolea sadaka ya Ijumaa. Hooyo asipotoa chochote Ijumaa, siku hiyo chakula hakipandi. Pensheni yangu mimi inaishia kwenye karo za wajukuu, kwa hiyo tusidanganyane, zile pesa zikikatwa, dawa imekatwa.

Sasa limekuja agizo kwamba kila mzee afike ofisini kwa chifu aonekane kwa macho, wajue kama yuko hai. Eti kuna watu waliowazika wazazi wao zamani na bado wanakula pesa zao. Kesho ndiyo mwisho. Asiyeonekana anaondolewa.

Wiki nzima tunamsihi, hataki. Hasemi kwa nini. Nikajua ni magoti, nikajua ni uzee, nikajua ni kiburi.

Asubuhi mwanangu Bishar akaja na gari la kuazima, likakwama mchangani kabla halijafika mlangoni. Bishar ana kifua cha kubeba magunia. Akachutama mbele ya bibi yake na kumwambia kwa utani, panda ayeeyo, nikubebe mgongoni, ofisi si mbali.

Hooyo akapiga ukelele.

Sijawahi kumsikia mama yangu akipiga ukelele, wala siku tuliyomzika aabo, baba yangu. Akamchapa Bishar fimbo ya mgongo, akarudi ndani akijikokota, akalala akiuelekea ukuta. Nami, badala ya kunyamaza, nikafoka. Nikamwambia anatufedhehesha, kwamba watu watasema alishakufa na sisi tunamficha ili tule pesa zake.

Laiti ningejing'ata ulimi. Akaniambia nifunge mlango nikae.

Wakati wa vita vya shifta, miaka ya sitini, mimi nilikuwa mtoto wa kama miaka saba. Tulikuwa wafugaji upande wa Diff. Askari wakaja wakatuamuru tuhamie kijiji cha serikali, kando ya kituo cha polisi, tukazungushiwa miiba na waya ili wapiganaji wasipate chakula kwetu. Aabo alibaki nje na ngamia, na ngamia walioonekana nje ya mpaka walipigwa risasi. Ndani hakukuwa na maziwa, hakukuwa na kazi. Ikabidi serikali itupe unga wa mahindi, wa bure, kwa vichwa. Ila kichwa kilitakiwa kionekane. Hata mgonjwa alibebwa hadi kwenye foleni. Asiyeonekana hakupimiwa.

Mimi nakumbuka vitu vichache. Waya. Watoto wakikohoa. Na siku moja ambayo hooyo alifanya jambo ambalo mwanamke wa kwetu hafanyi, alipomimina unga ndani ya dhiil. Dhiil ni chombo cha maziwa, tunakisuka kwa nyuzi za mizizi na kukifukiza moshi, na humo hakiingii kitu kingine ila maziwa. Hicho kidogo kilikuwa cha mdogo wangu Guled, aliyekuwa bado ananyonya. Nikamwambia, hooyo, unaharibu dhiil ya Guled. Akaendelea kumimina.

Kisa hicho nimewasimulia wajukuu mara nyingi, siku ambayo njaa ilimchanganya bibi yao akasahau chombo cha unga na cha maziwa. Tulikuwa tunacheka.

Guled alifia palepale kijijini, kwa kikohozi. Hilo nililijua siku zote. Nilijua alikufa mchana, akazikwa alasiri.

Leo nimeambiwa alikufa alfajiri.

Ilikuwa alfajiri ya siku ya unga. Hooyo alimgusa miguu, akaikuta ya baridi. Upande wa pili nilikuwa nimelala mimi, nimevimba uso, sina nguvu hata ya kufukuza nzi. Akajua akilia, wanawake watakuja, watamwosha Guled na kumzika upesi kama dini inavyotaka, na fungu lake la unga litakuwa limekwenda. Basi hakulia. Alimfunga mgongoni kwa kitambaa kama kila siku, akanishika mkono, akaingia kwenye foleni. Jua likapanda. Wanawake wenzake wakamsalimia, wakamwombea mtoto apone.

Mpimaji alikuwa kijana wa bara. Hooyo siku zile alikuwa hajui Kiswahili, na hata leo anajua cha sokoni tu. Kijana akamtazama Guled akauliza neno moja. Hooyo alilielewa, na akamrudishia lilelile.

"Amelala?"

"Amelala."

Akapimiwa fungu la Guled.

Wallahi sijui niliwezaje kuendelea kukaa kwenye stuli.

"Nilimchelewesha mtoto wangu kwenda kaburini," hooyo aliniambia, uso bado ukutani. "Unga wake sikuweza kuuchanganya na wetu. Niliuweka kwenye chombo chake, nikaapa hautaliwa na mtu. Kisha wetu ukaisha."

Nikauliza aliula nani. Nilishajua, lakini nikauliza.

"Ni wewe, hooyo."

Ndivyo mama zetu wanavyotubembeleza, wanatuita kwa jina lao wenyewe. Hakuwa ameniita hivyo tangu niolewe.

Nimeshtuka, na bado nimeshtuka ninapoandika haya. Nafuta herufi kila mara. Nina watoto, nina wajukuu, nina mwili mzito ambao Bishar huutania, na kumbe mwili huu ulisimama kwa unga wa Guled. Na mimi nilikuwa nasimulia ile dhiil kama kichekesho! Sijui nitawaangaliaje wale wajukuu.

Nimeelewa pia ule ukelele. Mama yangu alikuwa anaombwa apande mgongoni mwa mtu, apelekwe kwenye foleni ya serikali, ionekane kama yuko hai.

Nilimwambia basi, tuziache hizo pesa, dawa tutajua la kufanya. Nilisema kweli, ingawa sijui pesa za dawa ningezitoa wapi.

Baada ya magharibi akatoka mwenyewe, akakaa mkekani, akaomba chai. Akasema kesho ataenda, ila hakuna wa kumbeba. Atatembea kwa miguu yake, na mbele ya afisa wa kuhakiki wazee atajisemea mwenyewe, mimi nisifungue mdomo. Kwa hiyo tutaondoka mapema kabla ya jua, na Bishar atafuata nyuma na kiti ili apumzike njiani. Hata tukifika saa sita.

Kisha akaniomba nimfundishe sentensi mbili za Kiswahili. Nimefundisha watoto wa watu miaka mingi na sijawahi kushindwa na somo kama nilivyoshindwa na hili, nililia katikati na ikabidi anisubiri.

Sasa yuko ndani, nyuma ya pazia, namsikia akizirudiarudia. Ya kwanza ni "Mimi niko hai."

Ya pili ni "Yule mtoto hakuwa amelala."