Mbegu za Mama Hazikupakwa Bakteria

Akheri, Tengeru,
Arusha.
14 Juni, 2024.

Mpendwa kaka Philemoni,

Shikamoo. Habari za Mtwara na joto lake? Wifi hajambo? Kifua cha Nice kimepona? Huku sisi wazima, ila baridi ya mwezi huu inatutesa.

Ng'ombe wetu amezaa ndama jike, maziwa yapo. Lakini kaka, nakuandikia kwa sababu sina amani. Nimemkosea mama.

Mwezi wa tatu walikuja watafiti wa udongo. Walisema udongo wetu wa mlimani una fosforasi, chakula cha mimea, ila imeshikwa humo humo, mizizi haiwezi kuichukua. Wapo bakteria wanaoifungua. Hupakwa kwenye mbegu kabla ya kupanda. Walitaka pia shamba moja la mbegu tupu, la kulinganishia. Mimi ndiye niliyewasaidia kupata mashamba. Majirani wote walikataa hizo mbegu tupu, nami sikutaka kulitoa langu. Nikatoa la mama. Sikumwambia. Alipanda akiamini mbegu zake zimepakwa kama za wenzake.

Mahindi ya jirani yetu Sifaeli yakastawi, na yangu pia. Ya mama yakadumaa, majani yakawa ya zambarau. Siku moja nilimkuta amechuchumaa akiyapapasa.

"Labda mikono yangu imezeeka," akaniambia.

Hapo nilishindwa, kaka. Nikamweleza yote. Akasema, "Ungeniomba, ningekubali."

Nilitaka tuyakate tumpe ng'ombe, watu wasiyaone. Akakataa katakata. Wiki iliyopita wakulima wa vijiji vingine walipokuja kujifunza, aliwapokea mwenyewe, amevaa kitenge chake cha kanisani.

"Lile la Sifaeli lilipewa bakteria," akawaambia. "Hili langu halikupewa. Sikuulizwa."

Watu wakageuka kunitazama. Nilitamani ardhi inimeze.

Mavuno yangu nitagawana naye, amekubali. Ila siku hizi ananiita Elinipa, si "mama" kama alivyozoea. Nakuomba umpigie simu. Usinitetee, msikilize tu.

Nisalimie sana wifi, Nice na mdogo wake Gadiel. Shangazi Penina anawasalimu. Bwana awafunike kwa mkono wake huko mliko, nami mniombee.

Mdogo wako akupendaye,
Elinipa