Glasi Niliyoiomba kwa Mzee Celestin

Mpanda Mjini,
Jumapili, baada ya misa.

Kaka yangu Dieudonne,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji Odeta na watoto, na kwamba mahindi mmeyapukuchua kabla panya hawajayafikia. Mimi nikisema sijambo nitakuwa nakudanganya, na tangu posa yangu kwa Thacienne ivunjike nimeshadanganya vya kutosha.

Ningepiga simu, lakini shemeji akiipokea huweka sauti ya kila mtu kusikia, na haya ni ya masikio yako peke yako. Nimemkabidhi Sixte wa mkaa akupe mkononi. Najua una hasira. Ulisimama mbele ya wazee wa Katumba ukaniombea mke, ukanisifu mpaka nikaona aibu, halafu nikaharibu yote kwa neno moja. Ulinitumia ujumbe kwamba nisikuite kaka mpaka nieleze kwa nini. Naeleza sasa, na nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujaichana.

Ilianzia mguuni. Mwezi wa nne, tukishona sare za kwaya, nilianza kusikia moto kwenye tako la kulia, ukashuka nyuma ya paja mpaka unyayoni. Cherehani yangu unaijua, ni ya kukanyaga. Nakanyaga mara mbili nasimama, nang'ata kola, nasubiri upite. Fundi mwenzangu Zefania, tunayegawana naye baraza, alisema ni mgongo, niache godoro nilale kwenye mkeka. Mama wa duka la dawa alisema ni UTI imepanda. Nikamaliza vidonge vyake, nikarudi, akanipa vingine.

Maumivu ningeyavumilia. Kilichonimaliza ni kichwa. Nimepima Ukimwi mara nne, kaka, sehemu nne tofauti ili wasinizoee, mara zote nikaambiwa sina, na kila nikitoka mlangoni najiambia kipimo chao kibovu. Nasoma magonjwa kwenye simu, na kabla sijafika mwisho wa ukurasa dalili zote nimeshazipata. Nilikuwa najifungia chooni na kioo cha wateja, mpaka Zefania akaniuliza ni mchumba gani mwingine huyo ninayejipamba kwa ajili yake. Nilicheka naye, kisha nikarudi chooni. Nikaacha kula sahani moja na watu. Kijiko changu nilikifunga uzi mwekundu kisichanganyike na vyao.

Ndivyo nilivyokuja Katumba siku ile. Chungu cha impeke, ile pombe yetu Warundi ya mtama, kiliwekwa katikati, mzee Celestin akavuta kwanza, akaufuta mrija kwa kiganja, akaninyooshea mimi mkwe wake. Nyie wote mlikuwa mnatabasamu. Mimi nikaona kinywa changu kinakwenda kumwagia ugonjwa mzee wa watu, baada yake mama mkwe, baada yake Thacienne. Nikasema naomba glasi.

Kwetu mtu akiomba glasi penye mrija amesema moja kati ya mawili: nyie wachafu, au nyie mnalisha watu sumu. Mzee aliuweka mrija chini taratibu, akauliza kwa Kirundi ni nani aliyewahi kufa kwa kunywa nyumbani kwake. Ulinitazama nijibu, nami nikawa nautazama mrija pale chini.

Sasa sababu yenyewe. Mwezi wa tatu alikuja mjane mmoja wa Mpimbwe, Pudensiana, muuza mchele, kuchukua gauni lake. Mvua ikamzuia, Zefania hakuwepo, tukaongea, na ikawa. Mara moja tu. Thacienne alikuwa ameshanikubali. Siku sita baadaye yalinitoka malengelenge sehemu za siri, yakapasuka yakawa vidonda, hata kukojoa nikawa nalia. Vidonda vilikauka, moto ukabaki mguuni. Simlaumu yule mama. Nilipomuuliza alilia, akasema yeye hajawahi kuona hata kipele.

Wiki iliyopita vilirudi, nikajikaza nikaenda kwa daktari, mama wa makamo. Aliangalia wala hakushtuka. Alisema ni herpesi, kirusi kinachojificha kwenye mishipa ya fahamu, ndiyo maana mguu unawaka; Ukimwi sina, niache kuzunguka kupima. Alisema hakitoki mwilini, ila hakitaniua, dawa za kukituliza zipo, na watu wengi wanacho na wanaoa na wanazaa. Lakini mwenzangu lazima ajue kabla, na akipata mimba wakunga nao wajue. Nikamuuliza habari ya mrija. Akaniuliza mrija gani. Nilipomweleza aliweka kalamu mezani, akasema kilichoko huko chini hakipiti kwenye mrija wa pombe. Ningeweza kunywa, kaka. Nililia mbele yake mpaka mgonjwa aliyekuwa nje akachungulia.

Tangu hapo sili, silali, nazunguka na maneno yale yale. Nikinyamaza, mzee Celestin atakufa akiamini nilimwita muuaji kwenye uwanja wake. Nikisema, Thacienne atajua nilikokuwa wakati ananisubiri. Sina njia ya tatu, nimeitafuta. Ndani ya bahasha kuna karatasi nyingine, ni ya Thacienne. Sikuifunga, isome ukitaka. Nimemwandikia yote, hata jina la ugonjwa. Mpe mkononi akiwa peke yake, usimbembeleze, na usingoje jibu.

Nisalimie shemeji Odeta na watoto. Mama mwambie nakula vizuri, huo uongo mmoja niachie. Na ukithubutu kuingia kwa mzee Celestin, mpe salamu zangu, mwambie sikuuogopa mdomo wake. Niliuogopa wangu.

Mdogo wako,
Arcade