Jibu la Mama kwa Karani wa Sensa

Kombewa,
Novemba 2019

Kwa mpendwa Mama Mdogo Sylvia,

Pokea salamu nyingi kutoka huku Seme. Natumaini wewe, mume wako na watoto hamjambo, na biashara ya dagaa wa omena inakwenda. Sisi tu wazima. Baba analalamikia goti, kwa hiyo naye ni mzima. Mama, dada yako, ana presha yake ile ile. Barua hii nimempa Nelima anayekuja huko Port Victoria kununua samaki, kwa sababu simu yako hushikwa na kila mtu. Isome ukiwa peke yako. Nilipoajiriwa karani wa sensa niliapa kutotoa siri ya mtu, na humu ndani nitavunja kiapo hicho. Nimefikiri miezi mitatu, sijapata njia nyingine.

Matokeo bila shaka umeyasikia. Kisumu tumepita milioni moja na laki moja. Siaya wameikosa milioni kwa watu kama elfu saba, na Baba, ambaye hana hata mbuzi Siaya, amefurahi kana kwamba yeye ndiye aliyewaficha. Busia yenu ina laki nane na elfu tisini na ushee, na wewe umo.

Kazi yenyewe ilikuwa ya miguu. Nilipewa kijiji chetu hiki hiki, na taabu ilikuwa hapo: watu waliniambia nijaze tu, kwani si nawajua? Bibi mmoja alikataa kutaja idadi ya wajukuu, akasema watoto hawahesabiwi, wakihesabiwa wanapungua. Alinitajia majina, nami nikakunja vidole nyuma ya mgongo.

Nyumbani nilifika Jumatatu mchana. Baba alijibu yote, kama mwenye boma. Tulipofikia swali la watoto ambao Mama amewazaa, alisema ni watano, niandike upesi chakula kinapoa. Mama aliendelea kuchambua mboga.

Nilikuwa nimeshafika boma la tatu aliponifuata, akihema. Alinivuta kando penye ua, akaniambia nifungue tena kishikwambi cha serikali, nifute watano niandike sita. Wa kwanza ni msichana, yu hai, anaishi kwingine. Nilimwambia sensa si jambo la mzaha. Akasema hata yeye hafanyi mzaha. Miaka arobaini na miwili amewaficha mumewe na kanisa, na sasa amechoka. Nikarekebisha. Kisha nikamuuliza swali ambalo fomu haina: ni nani huyo.

Alizaa akiwa kidato cha pili, kule Awasi. Dani, nyanya yangu, alimchukua mtoto akiwa wa wiki mbili, akamrudisha Mama shuleni, akawaambia majirani kwamba huyo ni kitindamimba wake mwenyewe. Dani alimlea mpaka akaolewa. Baba humwita shemeji mpaka leo. Ni wewe.

Mama hajui kwamba nakuandikia. Anasema atakuambia mwenyewe siku ikifika, lakini mwaka huu amebadilishiwa dawa mara tatu, na mimi siiamini siku hiyo. Nimemkasirikia, sitakuficha, na pia namwonea huruma. Baba bado hajui. Ukiamua kunyamaza, nami nitanyamaza.

Kuna swali moja tulilomuuliza kila mtu nchini: je, mama yake mzazi yu hai? Najua karani wa huko alikuuliza. Najua na ulivyojibu, kwa sababu Dani tulimzika pamoja. Hukudanganya. Lakini mama yako yu hai. Yuko hapa jikoni anasonga ugali, na jana aliuliza kama utakuja Krismasi.

Wasalimie watoto wote, na Mungu awape afya.

Ni mimi, mdogo wako,
Bridget Aoko