Pilipili Nyuma ya Kiti Changu

Jumatatu, 4 Novemba
Nimetia tarumbeta mafuta ya cherehani, kama kila Jumatatu. Nimeshona sare mbili za shule na zipu moja. Jioni mazoezi.

Bendi yetu ya mtaa itapiga Jumamosi ya wiki ijayo uwanja wa shule, hapahapa Mwananyamala. Peupe, bila turubai. Nyimbo zote ni za hali ya hewa: jua, upepo, radi, na mwisho mvua. Wimbo wa mvua nauanza mimi, peke yangu, kabla ngoma hazijaingia. Ndiyo nafasi yangu, miaka kumi na tisa sasa.

Jino la mbele linacheza. Sijamwambia mtu. Leo noti ya juu imepasuka mara mbili, na Mwalimu Chande, kiongozi wetu, hakusema kitu. Mtu yule hajawahi kunyamaza. Kuna jambo.

Jumatano, 6 Novemba
Nimekwenda kumpelekea mama Rehema gauni lake. Rehema ni tarumbeta ya pili. Nimemfundisha mwenyewe, tangu namna ya kushika. Nikiwa mlangoni nikamsikia ndani anapiga wimbo wa mvua. Sehemu yangu. Yote, mpaka ile noti ya juu. Safi kabisa.

Sikubisha hodi. Nimerudi na gauni la watu mkononi.

Ijumaa, 8 Novemba
Nimefika mazoezini, maneno yakakatika. Rehema akasema, "Shikamoo, Fundi," huku anatazama viatu vyake. Nikaitikia kwa shingo upande.

Wananitoa. Wanangoja siku yenyewe ili niaibike mbele ya watu, kisha waseme mzee kachoka. Suzana, mke wangu, anasema siku hizi nakunja uso hata mezani. "Baba Neema, hata ugali unaushuku?" Sikucheka.

Jumatatu, 11 Novemba
Noti ya juu imegoma. Mwalimu kanitazama, kisha kamtazama Rehema. Haraka, lakini nimeona.

Alhamisi, 14 Novemba
Mawingu tangu asubuhi. Mtaa mzima shingo juu. Wanaogopa mvua. Mimi nawaogopa wao.

Jumamosi, 16 Novemba
Nimewahi kupanga viti. Nyuma ya changu, kijiti kimechomekwa ardhini, kimetungwa pilipili nyekundu saba na kitunguu juu yake. Nimekagua viti vyote kumi na vinne. Changu tu.

Mpiga tarumbeta kazi yake ni mdomo. Pilipili za nini nyuma ya mpiga tarumbeta? Nilihisi midomo inawasha hata kabla sijaigusa ala. Nikang'oa kijiti, nikakitupa mtaroni nje ya ukuta. Nikanawa mikono mara tatu.

Saa kumi jioni uwanja umejaa. Wimbo wa jua, sawa. Upepo, sawa. Kwenye radi ngoma zilipigwa mpaka watoto wakashika masikio. Ikabaki mvua. Nikasimama. Rehema naye akasimama, akaja pembeni yangu na tarumbeta yake. Hakuna aliyemwita. Damu ilinichemka.

Nilipoinua ala tu, tone likanidondokea mkononi. Kisha la pili. Kisha ikamwagika. Watu mbio kwenye baraza la madarasa, wengine wanacheka kwamba mvua imewahi wimbo wake. Ngoma zimelowa chapachapa.

Sikupiga hata noti moja. Niseme kweli, nilifurahi. Rehema naye hakupiga.

Jumapili, 17 Novemba
Mwalimu kaja baada ya ibada. Kumbe habari ya jino wanaijua wote. Yeye ndiye aliyemwambia Rehema ajifunze sehemu yangu, asimame karibu, aishike noti ya juu tu ikinishinda, watu wasijue. Binti alikuwa anaogopa kuniambia. Mwalimu naye aliogopa. "Wewe huambiliki, Fundi," kasema.

Kisha akaeleza la pili. Walimwomba Bi Mwantumu afunge mvua, isinyeshe mpaka tumalize. Ni bibi wa hapa nyuma ya soko, kazi hiyo anaifanyia harusi za mtaa huu tangu zamani, kwa vijiti vya pilipili. Sasa anasemwa kila kibaraza. Eti mkono wake umekwisha. Wenye harusi ya Jumamosi ijayo wameshatafuta mwingine.

Nimekunywa chai yote. Kwetu Masasi sikuwahi kuona mvua inafungwa hivyo, lakini hapa nimeishi miaka ishirini. Ningeuliza. Badala yake nikang'oa.

Jumatatu, 18 Novemba
Leo hakuna mazoezi, ngoma zinaanikwa.

Nimekwenda kwa Bi Mwantumu. Alikuwa anachambua mchele. Nikamwamkia, nikakaa kwenye mkeka, nikamwambia yote, na pa kutazama sina. Aliendelea kutoa vijiwe. Nilidhani atanifukuza.

"Nilikichomeka kwako," akasema, "maana wewe ndo ulikuwa na wimbo wa peke yako. Nikasema hata ikishindikana kote, pale kwako isinyeshe."

Nimeona haya kuliko siku yoyote ninayoikumbuka.

Nikamwambia nitawaeleza watu. Akasema, "Waeleze. Mie nishazeeka, sina nguvu ya kujitetea kwa kila mtu."

Nimepita kwa akina Rehema, nimeacha gauni. Mazoezi ni Ijumaa. Nitasema kabla hawajatoa ala kwenye mifuko, na wimbo wa mvua auanze yeye. Mimi nitamshikia sauti ya pili. Kesho asubuhi naanza na wale wenye harusi. Sijui nitaanza na neno gani.