Ishara Mbili Tu

Florida, 12 Februari 2023

Mama mpendwa,

Salamu nyingi. Hujambo? Mguu umepona? Mimi mzima, nakula, nalala.

Kazi ya kufagia nimeachana nayo. Hapa, kama nilivyokuambia, ni makao ya sokwe wazee. Mmoja wao, Percy, zamani wasomi walimfundisha lugha ya ishara. Wasomi wakaondoka, akabaki na watu wasioijua. Mwezi jana alikataa chakula siku nne, daktari haoni ugonjwa. Nilikuwa napita na ndoo nikamwona anagonganisha vidole viwili karibu na shavu: "Inauma." Wenzangu walidhani anajikuna. Nikawaandikia kwenye karatasi: jino. Kweli, lilikuwa limeoza. Sasa kazi yangu ni kukaa naye.

Wote hapa wanasikia, Mama, na kiziwi ndiye aliyemsikia.

Lakini usidhani anaongea kama sisi. Ni kuomba tu: tikiti, nikune, haraka.

Mwanao,
Nerima

Kikopey, 30 Machi 2023

Mwanangu Nerima,

Bwana asifiwe. Mguu umepona. Ng'ombe amezaa ndama dume.

Barua yako nimemsomea jirani yetu Kihara, akacheka hadi akakaa chini. Nikamwambia asishangae. Hawa nyani wanaoshuka kutoka kwenye miamba kula mahindi yangu, mimi nawasoma kama gazeti. Akiinua kope ukaona weupe, anakutisha. Akichezesha midomo haraka haraka, anataka amani. Huyo Percy akiletwa hapa tutaelewana siku hiyo hiyo.

Mama yako

Florida, 21 Aprili 2023

Mama,

Natumaini u mzima.

Percy anajua ishara arobaini. Ishara za nyani wa miambani unazijua zote. Zangu unajua mbili tu: "kula" na "njoo".

Nikiwa na miaka tisa, watoto walioniona nikiongea kwa mikono waliniita nyani. Nilirudi nikakuandikia kwenye lile daftari tulilokuwa tukiongea kwalo. Ukajibu: "Wasamehe." Jumapili yake nilikuwa namsimulia Fancy kitu kanisani. Yeye ni kiziwi kama mimi. Sikuwa na mwingine wa kuongea naye. Ukaishika mikono yangu yote miwili ukaikandamiza mapajani, kwa sababu watu walikuwa wanaangalia.

Barua hii usimsomee Kihara.

Nerima

Kikopey, 4 Februari 2024

Mwanangu,

Hujambo? Sijui kama bado nina haki ya kuuliza. Miezi tisa nimeandika barua nikazichana. Kila moja ilikuwa inanitetea.

Siku ile kanisani niliona aibu. Aliyekosa ni mimi, si wewe. Na miaka yote iliyofuata niliona daftari linatosha, kwa kuwa lilinitosha mimi.

Tangu Juni naenda Gilgil kila Jumanne na Alhamisi kwa mwalimu Mugure, anayefundisha watoto viziwi. Nakaa na darasa la kwanza kwenye benchi fupi, magoti yananifika kidevuni. Vidole vyangu ni vya jembe, havikunjiki vizuri. Watoto wananicheka, halafu wanavishika wanavikunja wao. Nilimwambia mwalimu, "Mimi nimechelewa."

Akasema, "Umechelewa lakini umefika, Mama Nerima. Haya, rudia."

Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu nitakupigia simu ya video. Usipopokea, nitaelewa.

Mama yako

Florida, 26 Februari 2024

Mama yangu,

Leo sikuulizi kama u mzima, maana nimekuona. Umezeeka kidogo. Umenenepa pia.

Ulifanya makosa mengi. Ulisema ndama ameolewa na pasta. Nilicheka mpaka wa chumba cha pili akaja kuangalia kama nimefiwa.

Percy hajambo. Nimekaa naye mwaka mzima na hajawahi kuniuliza swali hata moja. Wewe uliniuliza: "Jana uliota nini?" Niliponyamaza ulidhani umekosea, ukarudia polepole. Hukuwa umekosea. Ni kwamba hukuwahi kuniuliza kitu kama hicho tangu nizaliwe. Kwenye daftari tuliandikiana unga, karo, homa. Hata ndoto yenyewe sikuikumbuka, Mama, nilikutungia. Nisamehe.

Kuna mtu anaitwa Oduor, fundi wa hapa kazini. Nataka kukueleza habari zake. Ni ndefu, na nyingine haziandikiki, kwa hiyo barua hii usiijibu. Nipigie Jumapili. Keti mahali penye mwanga.

Mwanao,
Nerima